Kiungulia sugu: Wakati wa dawa na wakati wa upasuaji

KIUNGULIA kinapompata mtu mara moja kwa mwezi baada ya mlo mzito, hutulizwa kwa kidonge cha kutafuna na kusahaulika. Kinapomrudia kila wiki kwa miezi na miaka, kikamwamsha usiku na kumjaza maji makali kooni, huwa ni ugonjwa kamili unaohitaji uchunguzi. Baadhi ya wagonjwa hufika mahali pa kufanya uamuzi mgumu: kuendelea kumeza dawa kila siku, au kufanyiwa upasuaji.

Kwa wakazi wa mikoa ya Shinyanga na Geita uamuzi huo una uzito wa pekee. Wengi wao hujipatia riziki kwa nguvu za mwili, iwe ni katika migodi mikubwa ya Bulyanhulu na Geita, katika maduara ya wachimbaji wadogo ya Rwamagasa, Nyarugusu na Mgusu, au katika mashamba ya pamba na mpunga. Wiki kadhaa za kukaa nyumbani baada ya upasuaji ni wiki bila kipato. Kwa upande mwingine, vidonge vya kila siku kwa miaka kumi ni gharama isiyokwisha, na mgonjwa aliyepasuliwa kwa ugonjwa asiokuwa nao hurudi nyumbani akiwa na maumivu yale yale, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuuzwa.

Makala haya yanaeleza namna ugonjwa huo unavyotokea, vipimo vinavyotakiwa, nguvu na mipaka ya dawa, na hali zinazomfanya mgonjwa afae kupelekwa kwa daktari wa upasuaji.

Namna tindikali inavyopanda

Umio ni mrija wa misuli unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mrija huo hupenya kiwambo, yaani ukuta wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mwisho wake wa chini una kilango cha misuli kinachofunguka mtu anapomeza na kufunga chakula kikishapita. Kiwambo nacho hukibana kilango hicho kwa nje na kukiongezea nguvu.

Kilango kinapolegea, tindikali ya tumboni hupanda. Ukuta wa tumbo una ute mzito unaoulinda dhidi ya tindikali, lakini umio hauna kinga ya kiasi hicho. Matokeo yake ni moto unaopanda kutoka chembe ya moyo kuelekea kooni, chakula au maji chachu kurudi mdomoni, na wakati mwingine kikohozi cha usiku au sauti kukwaruza asubuhi.

Baadhi ya wagonjwa huwa na ngiri ya kiwambo. Hapo tundu la kiwambo linakuwa limepanuka na sehemu ya juu ya tumbo inateleza na kuingia kifuani, hivyo kilango kinapoteza msaada wake wa nje. Mambo mengine yanayochangia ni unene wa kiunoni, ujauzito, sigara, pombe, na baadhi ya dawa, zikiwemo nifedipini na jamii yake zinazotumiwa kutibu shinikizo la damu. Mgonjwa wa shinikizo la damu hapaswi kuacha dawa zake kwa sababu hiyo. Anachotakiwa kufanya ni kumweleza daktari ili aone kama zinaweza kubadilishwa.

Mazingira ya kazi nayo yana nafasi yake. Kunyanyua kiroba cha mawe na kuinama kwa saa nyingi juu ya karai la kuoshea dhahabu huongeza msukumo ndani ya tumbo. Mfanyakazi wa zamu anayekula mlo mkubwa saa sita usiku na kulala papo hapo huipa tindikali njia rahisi ya kupanda.

Maradhi yanayofanana nacho

Kosa la kwanza katika safari ya mgonjwa mara nyingi hutokea dukani. Kila maumivu ya juu ya kitovu huitwa vidonda vya tumbo, na mgonjwa hununua dawa za kuua bakteria bila kupimwa. Ni kweli kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyetambuliwa mwaka 1982 na madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Hata hivyo, bakteria huyo siye anayesababisha kilango cha umio kulegea. Mtu anaweza kutibiwa bakteria akapona kidonda, na kiungulia kikabaki pale pale.

Chanzo kingine cha vidonda ni dawa za maumivu kama vile diklofenaki na aspirini, ambazo watu wa kazi ngumu huzimeza mara kwa mara ili wapate nguvu ya kurudi kazini kesho yake. Dawa hizo hukwangua pia umio uliokwisha kuunguzwa na tindikali. Mgonjwa anayelalamika kuwa dawa za kiungulia hazimsaidii, huku akimeza diklofenaki kila jioni, aanze kwa kulizungumza hilo na daktari.

Maumivu ya kifua yanayokuja mtu anapotembea au kupanda kilima, yakaenea begani au taya na kuambatana na jasho, huenda yanatoka kwenye moyo. Hayo yanahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Kikohozi nacho kina tahadhari yake. Kiungulia kinaweza kuleta kikohozi cha muda mrefu, lakini katika maeneo ya uchimbaji vumbi la mawe huharibu mapafu na kifua kikuu huwapata wachimbaji kwa urahisi. Mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu kwanza, kabla mtu yeyote hajamwambia kuwa ni tindikali inayomkwaruza koo.

Wajawazito ni kundi jingine la kuzingatiwa. Kiungulia huwapata wengi wao na kwa kawaida huisha baada ya kujifungua. Baadhi yao hula udongo uitwao pemba ili kutuliza kichefuchefu. Utafiti uliofanywa wilayani Geita na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta katika udongo unaoliwa na wajawazito madini mbalimbali yakiwemo arseniki, nikeli na kromiamu. Mjamzito mwenye kiungulia ana dawa salama anazoweza kupewa kliniki, na upasuaji haumhusu.

Dalili zisizosubiri

Zipo dalili ambazo zikijitokeza, mjadala wa dawa au upasuaji husimama na mgonjwa hupelekwa haraka kwenye kipimo cha endoskopia. Dalili hizo ni kumeza kwa shida au chakula kukwama, maumivu wakati wa kumeza, kutapika damu au vitu vinavyofanana na mashapo ya kahawa, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, na kutapika mfululizo.

Ugumu wa kumeza haupaswi kupuuzwa hata kidogo katika sehemu hii ya dunia. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Aina iliyozoeleka katika ukanda huo haitokani na kiungulia kama ile inayoongezeka katika nchi za Magharibi, na inaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kulalamikia kiungulia. Mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Kuacha chai ipoe kidogo hakumgharimu mtu chochote.

Kutapika damu kuna maana nyingine katika Kanda ya Ziwa. Tafiti zilizofanywa katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2012, zilionyesha kuwa chanzo kilichoongoza cha kutokwa damu sehemu ya juu ya njia ya chakula kilikuwa mishipa ya damu iliyovimba ndani ya umio. Mishipa hiyo huvimba kutokana na maradhi ya ini, na kichocho cha matumbo, ambacho kimeenea pembezoni mwa Ziwa Victoria, ni mojawapo ya vyanzo vyake. Mgonjwa wa namna hiyo hatibiwi kwa vidonge vya kiungulia.

Dawa zinapotumiwa ipasavyo

Mgonjwa mwenye kiungulia cha kawaida, asiye na dalili za hatari, huanzishiwa dawa bila kusubiri vipimo vikubwa. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hupunguza makali ya tindikali iliyokwisha kutoka, na nafuu yake ni ya muda mfupi. Dawa zenye nguvu zaidi ni zile zinazofunga pampu za tindikali katika ukuta wa tumbo. Ya kwanza katika jamii hiyo, omeprazo, iliingia sokoni mwaka 1988 na leo hupatikana katika maduka mengi ya dawa nchini. Ranitidini, iliyokuwa maarufu kabla yake, iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kusababisha saratani.

Matibabu ya awali ni omeprazo mara moja kwa siku kwa wiki 8. Saa ya kumeza ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Dawa hiyo huzifunga pampu zinazoamka kwa ajili ya chakula, kwa hiyo imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Anayeimeza usiku akiwa ameshiba, au anayeimeza siku anayoumwa tu, hapati faida yake yote na baadaye husema dawa imeshindwa.

Ukubwa wa kosa hilo ulionekana katika utafiti wa hospitali za maveterani nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 366 waliosemekana kuwa dawa zimeshindwa kuwatibu walichunguzwa upya. Wagonjwa 42 kati yao walipata nafuu walipopewa omeprazo mara mbili kwa siku na kuelekezwa namna ya kuimeza. Wengine 99 waligundulika kuwa kiungulia chao hakitokani na tindikali, na 23 walikuwa na maradhi mengine ya umio. Wapo waliotolewa kwa sababu nyingine au ambao hawakumaliza vipimo, na mwishowe ni 78 tu waliobaki wakiwa na ugonjwa uliothibitishwa ambao dawa ziliushindwa kweli.

Mgonjwa aliyepata nafuu kamili kwa wiki 8 hujaribu kupunguza au kuacha dawa chini ya uangalizi. Kiungulia kikirudi, hurejea kwenye dozi ndogo kabisa inayomtosheleza. Asiyepata nafuu huongezewa dozi, asubuhi na jioni kabla ya mlo, na kisha hupelekwa kwenye vipimo.

Wengi huogopa kutumia dawa hizi kwa muda mrefu. Utafiti wa kimataifa uliohusisha watu zaidi ya 17,000 na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watumiaji wa pantoprazo, dawa ya jamii hiyo hiyo, kwa takriban miaka mitatu. Tofauti iliyoonekana wazi dhidi ya wasioitumia ilikuwa maambukizi ya matumbo, yaliyowapata asilimia 1.4 ikilinganishwa na asilimia 1.0. Tindikali ya tumbo ni askari anayeua vijidudu vya chakula na maji, kikiwemo cha kipindupindu. Mtumiaji wa omeprazo katika machimbo yasiyo na maji safi ana sababu ya ziada ya kuchemsha maji ya kunywa. Matumizi ya miaka mingi yanaweza pia kupunguza magnesiamu na vitamini B12 mwilini, hivyo daktari hupaswa kumwona mgonjwa huyo mara kwa mara.

Watumiaji wa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wana tahadhari yao. Dolutegravi, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi nchini, haipaswi kumezwa pamoja na vidonge vya magnesiamu kwa sababu vinaizuia isifyonzwe. Hutakiwa imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baadaye. Omeprazo haina tatizo hilo kwa dolutegravi, lakini inaingiliana na atazanavi. Mhudumu wa kliniki anapaswa kuelezwa kila dawa iliyonunuliwa dukani.

Kinachobadilika nyumbani na kazini

Matibabu yasiyo ya upasuaji hayaishii kwenye vidonge. Mgonjwa mnene anayepunguza uzito hupata nafuu inayoonekana. Mlo wa mwisho uliwe saa 3 kabla ya kulala. Upande wa kichwa wa kitanda uinuliwe kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda, kwa kuwa mito mingi hukunja tumbo na kuongeza msukumo. Kulalia ubavu wa kushoto husaidia, kwani kilango hubaki juu ya usawa wa tindikali.

Kuhusu vyakula, hakuna orodha moja ya watu wote. Pilipili, vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi, kahawa, soda, vinywaji vya kuongeza nguvu na pombe kali huwasumbua wengi. Mgonjwa achunguze kinachomwamshia maumivu na kukiacha hicho, bila kujinyima vyakula vyote. Magadi na maziwa, yanayopendwa kama tiba ya nyumbani, hutuliza kwa muda mfupi tu, na magadi yana chumvi nyingi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu.

Kwa mfanyakazi wa zamu za usiku, njia inayowezekana ni kula mlo mkubwa kabla ya kuingia kazini na kula kidogo wakati wa mapumziko, ili asilale na tumbo lililojaa kunapokucha.

Vipimo kabla ya kisu

Hakuna mgonjwa anayepaswa kupasuliwa kwa maelezo ya mdomo pekee. Kipimo cha kwanza ni endoskopia, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Daktari huangalia kama umio una michubuko na kuipanga katika daraja A hadi D, huangalia ngiri ya kiwambo, na hukata kinyama cha kupima iwapo anaona jambo la kutia shaka. Michubuko ya daraja C au D ni ushahidi wa kutosha kwamba tindikali inapanda.

Umio ukionekana mzima, kipimo kinachofuata ni kuweka kifaa chembamba ndani yake kwa saa 24 au zaidi ili kurekodi muda ambao tindikali imekuwamo. Muda huo ukizidi asilimia 6 ya saa zote, ugonjwa umethibitika. Ukiwa chini ya asilimia 4, kiungulia kina chanzo kingine na upasuaji hautamsaidia mgonjwa. Kipimo cha tatu, manometria, hupima nguvu ya misuli ya umio. Umuhimu wake ni kumtambua mgonjwa ambaye kilango chake kinakataa kufunguka. Dalili za mtu huyo hufanana na za kiungulia, lakini kumkazia kilango zaidi kungemfungia chakula kabisa.

Vipimo hivyo viwili vya mwisho havipatikani katika hospitali za wilaya. Njia ya kawaida ni kupitia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga au Geita, hadi ngazi ya kanda. Kwa miongo mingi ngazi hiyo ilikuwa Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na sasa mkoa wa Geita una pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato. Kisichopatikana huko humlazimu mgonjwa kupewa rufaa ya ngazi ya taifa. Barua ya rufaa ieleze dawa alizotumia, dozi na muda, ili asianzishwe upya kila anapofika.

Upasuaji wenyewe

Daktari Mjerumani Rudolf Nissen alifanya upasuaji wa aina hii kwa mara ya kwanza mwaka 1955 mjini Basel, Uswisi. Sehemu ya juu ya tumbo huzungushwa nyuma ya umio kama skafu na kushonwa, na tundu la kiwambo lililopanuka hubanwa. Mzunguko huo hufanya kazi ya kilango kilicholegea: kadiri tumbo linavyojaa ndivyo unavyoubana umio. Mwaka 1963 Mfaransa André Toupet alieleza namna ya kuuzungusha kwa sehemu tu, ili mgonjwa ameze na kubeua kwa urahisi zaidi.

Awali mgonjwa alipasuliwa tumbo kwa mkato mrefu. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne na wenzake wa Ubelgiji walichapisha taarifa ya kwanza ya upasuaji huo kwa matundu madogo, na njia hiyo ndiyo inayopendekezwa leo kwa kuwa maumivu ni machache na mgonjwa hupona mapema. Hata hivyo, matokeo yake hutegemea sana uzoefu wa mpasuaji.

Tafiti zinasema nini

Utafiti uliofanyika katika nchi 11 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha wagonjwa 554, wote wakiwa ni watu waliokuwa wanapata nafuu kwa dawa. Baada ya miaka mitano, asilimia 92 ya waliotumia esomeprazo walikuwa katika hali nzuri, dhidi ya asilimia 85 ya waliopasuliwa. Kwa mgonjwa ambaye dawa zinamtosha, basi, upasuaji haumpi ushindi mkubwa wa dalili. Humpunguzia vidonge, na chakula kurudi mdomoni hudhibitiwa vizuri zaidi.

Hali ni tofauti kwa wale wachache ambao ugonjwa umethibitika na dawa zimeshindwa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, kati ya wagonjwa 78 waliobaki, upasuaji uliwafaa asilimia 67 ya waliopasuliwa. Walioongezewa dawa za aina nyingine pamoja na omeprazo walionufaika ni asilimia 28, na walioendelea na omeprazo pekee ni asilimia 12.

Je, upasuaji hudumu? Nchini Sweden wagonjwa 2,655 waliopasuliwa kati ya mwaka 2005 na 2014 walifuatiliwa, na ugonjwa uliwarudia asilimia 17.7. Wengi wa hao walirejea kwenye dawa na wachache walipasuliwa tena. Anayeahidiwa kwamba hatameza kidonge tena maishani ameahidiwa zaidi ya yale ambayo tafiti zimeonyesha.

Anayefaa na asiyefaa

Mgonjwa anayefaa kufikiriwa upasuaji ni yule ambaye vipimo vimethibitisha ugonjwa wake na ana mojawapo ya hali hizi: chakula kinarudi mdomoni licha ya dozi kamili ya dawa; ana ngiri kubwa ya kiwambo; ana michubuko mikali isiyopona; dawa zinamletea madhara; au ni kijana anayenufaika na dawa lakini hataki kuzitumia maisha yake yote.

Asiyefaa ni yule ambaye vipimo vyake ni vya kawaida, ambaye misuli ya umio wake imedhoofika sana, au ambaye maradhi mengine yanamfanya asistahimili dawa ya usingizi. Mgonjwa aliyenenepa kupita kiasi hushauriwa kwanza kuhusu uzito, na pengine upasuaji wa aina nyingine unaotibu matatizo yote mawili. Jambo moja huwashangaza wengi: anayepata nafuu kwa omeprazo ndiye ambaye kwa kawaida hunufaika zaidi na upasuaji, kwa sababu nafuu hiyo ni dalili kuwa tatizo ni tindikali.

Gharama ya kila njia

Baada ya upasuaji, wiki za mwanzo mgonjwa hutumia uji, supu na vyakula vilivyopondwa, kwa kuwa uvimbe wa ndani huzuia tonge kupita. Ugali mgumu, nyama choma na michembe mikavu husubiri. Kunyanyua vitu vizito hukatazwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6, kwani mshono wa kiwambo unaweza kuachia na ngiri kurudi. Mchimbaji anayerudi duarani wiki ya pili anaihatarisha kazi yote iliyofanyika.

Baadhi ya wagonjwa hubaki na ugumu wa kumeza kwa miezi, tumbo kujaa gesi, au kushindwa kubeua na kutapika. Wengi hupata nafuu kadiri siku zinavyopita, lakini wachache huhitaji kurudi hospitali. Kwa sababu hiyo umbali ni sehemu ya uamuzi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kati ya Geita na Mwanza, ingawa mgonjwa wa kijijini bado ana safari ndefu hadi kufika barabara kuu.

Kwa upande wa fedha, hesabu ya haki huweka pamoja bei ya vidonge kwa mwezi mara idadi ya miaka, nauli za kliniki na siku za kazi zinazopotea kwa ugonjwa. Upande wa pili huwekwa vipimo, upasuaji, malazi ya msindikizaji na wiki zisizo na kipato. Mwenye bima aulize kwa maandishi, kabla ya kulazwa, ni vipimo na huduma zipi zinalipiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumwingiza kila mwananchi katika bima, lakini kinacholipwa hutegemea kitita alichojiunga nacho.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mgonjwa ana haki ya kupata majibu ya maswali haya: Ni kipimo gani kilichothibitisha kuwa tindikali inapanda? Je, dawa zimetumiwa kwa dozi na saa sahihi kwa wiki 8? Misuli ya umio imepimwa? Mpasuaji amewahi kufanya upasuaji huu mara ngapi, na kwa matundu madogo au kwa mkato? Mzunguko utakuwa kamili au wa sehemu? Likitokea tatizo baada ya kurudi nyumbani, ni hospitali ipi iliyo karibu inayoweza kusaidia?

Kiungulia sugu kisicho na dalili za hatari humpa mgonjwa muda wa kuuliza na kupima. Wiki 8 za dawa zilizomezwa kwa saa yake, endoskopia moja na mazungumzo na mpasuaji mzoefu huwatenga wale ambao kisu kitawasaidia na wale ambao kingewaumiza bure. Mwenye dalili za hatari hana nafasi hiyo ya kusubiri: anayeshindwa kumeza au kutapika damu aende hospitali leo.